Lipu inayobambuka kwenye nyumba ya Mji wa Kale

Dadangu, kama nyumba unayotaka kuinunua imekarabatiwa juzi tu na ukuta wake wa matumbawe umeshabambuka hadi kiunoni, usikubali ipigwe saruji tena, hata fundi akikuapia. Saruji ndiyo balaa lenyewe: unyevu unapanda kutoka chini, unakosa pa kutokea, chumvi inaganda nyuma ya lipu na kuisukuma.

Ibanduliwe yote, mpaka sentimita 30 juu ya alama ya unyevu. Ukuta uachwe ukauke wiki kadhaa, chumvi iondolewe kwa brashi kavu. Ukiiosha inarudi ndani. Kisha changanya lipu mpya: chokaa sehemu 1 kwa mchanga 3, mchanga usiwe wa ufuoni. Lowesha ukuta, piga tabaka lisilozidi sentimita 1, funika kwa magunia mabichi. Lipu ikikaushwa haraka na kaskazi, itapasuka. Juu paka chokaa, si rangi ya plastiki.

Kabla ya kulipa, dunga bisibisi kwenye ncha za boriti zinapoingia ukutani, hasa chini ya choo cha ghorofani. Ikizama kama kwenye muhogo wa kuchemsha, bei ishuke sana.