Gazeti nalifungulia ukurasa wa fumbo

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: ukishika gazeti unaanzia ukurasa gani, na kwa nini? Mimi naishi Coventry, Uingereza, na naanzia fumbo la maneno. Sisemi ile chemshabongo inayouliza mji mkuu wa nchi fulani. Nasema lile fumbo la mtego ambalo The Times, The Guardian na Daily Telegraph huchapa: miraba 15 kwa 15, madokezo yapatayo 30, na kila dokezo linasema hili huku likikusudia lile.

Kwa asiyelijua, dokezo lina pande mbili. Upande mmoja, mwanzoni au mwishoni, ni maana ya jibu. Upande wa pili ni maelekezo ya kulijenga jibu hilohilo kwa herufi: vuruga neno hili, unganisha vipande vile, chungulia ndani ya maneno mawili yaliyofuatana. Mtunzi hushona pande hizo zikawa sentensi moja, na kazi yako ni kuuona mshono. Nitunge mfano wa Kiswahili: “Habari iliyochafuka, makao ya papa (6)”, hiyo 6 ikiwa idadi ya herufi za jibu. Vuruga herufi za “habari” upate “bahari”. Neno “iliyochafuka” ndilo linalokupa ruhusa ya kuvuruga. Lingeandikwa “Habari, makao ya papa” basi, ingekuwa dhuluma, kwa sababu hakuna aliyekuambia uguse herufi.

Haki hii iligombewa zamani. Mwaka 1926 Edward Powys Mathers alianza kulitungia gazeti la The Observer mafumbo makali, akijiita Torquemada. Alipofariki mwaka 1939, nafasi yake ikashikwa na mwalimu Derrick Macnutt, aliyejiita Ximenes. Majina yote mawili ni ya wakuu wa mahakama ya kidini ya Hispania, kwa hiyo mjue walivyokusudia kututesa! Lakini ni Ximenes aliyeweka kanuni ambayo wengi wanaifuata hadi leo: dokezo liwe na maana sahihi ya jibu, liwe na njia ya haki ya kulifikia, na lisiwe na kingine chochote.

Raha yangu kubwa huanza mraba wa mwisho ukishajaa. Gazeti huchapa majibu kesho yake, lakini ni herufi tupu ndani ya miraba. Sababu haielezwi. Kwetu anayetega kitendawili, akishapewa mji, anadaiwa jibu, na likitoka watu hulipima hapohapo, lisipoingia, wanabisha. Gazeti halibishiwi. Ndiyo maana wapo wanaolihakiki fumbo la kila siku, nami nimo. Tunalipitia dokezo kwa dokezo na kuonyesha maana iko wapi, ni neno gani linaloamuru herufi zivurugwe, ni lipi limewekwa kujaza nafasi tu. Fumbo la Jumamosi lenye zawadi tunalishikilia mpaka muda wa kupokea majibu upite, maana kulifichua mapema ni kuwaibia wenzetu.

Tena naamini kabisa kwamba aliyejaza mraba bila kujua kwa nini jibu ni hilo, bado hajafumbua. Amebahatisha. Nikikuta dokezo la namna hiyo silali kabla sijalifungua, na likinishinda nauliza. Ugumu siuhesabu kuwa kosa. Kosa ni neno lililoingizwa ili sentensi ipendeze huku halina kazi, au maana iliyovutwa mpaka ikachanika. Na dokezo zuri nalisifu bila uchoyo, kwa sababu mtu alilikalia saa nyingi ili mimi nilifurahie dakika moja.

The Times kwa kawaida halitaji mtunzi wa fumbo lake la kila siku. The Guardian hutaja jina lake la kalamu, na mimi naona hilo ni bora zaidi, kwani msomaji huanza kumjua mtu. Mchungaji John Graham alilitungia gazeti hilo tangu 1958, na baadaye akajulikana kwa jina la Araucaria. Januari 2013, akiwa na umri wa miaka 91, aliweka juu ya fumbo lake maelezo mafupi, yenye namba za madokezo badala ya maneno, kwamba Araucaria ana 18 wima ya 19, nayo inatibiwa kwa 13 na 15. Waliojaza miraba wakakuta saratani, umio, na tiba ya kupunguza maumivu. Alifariki Novemba mwaka huohuo. Wasomaji wake walipata habari ile kwa kuifumbua wenyewe, mraba kwa mraba, na sijui njia ya heshima zaidi ambayo mtunzi angeweza kuwaaga watu wake.

Nataka magazeti ya Kiswahili yawe na fumbo la aina hii, na nimekuwa nikijaribu kulitunga. Kugeuza neno lisomeke nyuma-mbele, mbinu ambayo Waingereza wanaipenda mno, kwetu haisaidii sana: maneno yetu mengi huanza kwa konsonanti na kuishia kwa irabu, ukiyageuza yanaishia kwa konsonanti na kwa kawaida huleti neno. Ngeli nazo zinamfichua mtunzi. “Katibu” akivurugwa anatoa “kitabu”, lakini nikiandika “katibu aliyechanganyikiwa ana kurasa”, hiyo “ana” ni ya katibu. Kitabu kinadai “kina”, na nikiandika “kina” mshono umeonekana. Mtunzi wa Kiswahili itabidi abuni ujanja wake mwenyewe. Kwa kuficha neno ndani ya maneno mengine, hata hivyo, lugha yetu ni tajiri kupindukia.

Mhariri, tengeni kona moja kwa wiki. Wiki hii chapeni fumbo, wiki inayofuata chapeni majibu pamoja na sababu zake, na wasomaji waruhusiwe kubisha. La kuanzia hili hapa, na atakayeleta jibu alete na maelezo: “Mfalme wa porini amejificha ndani ya muasi mbaya (5)”.