Nobu ya gia: anza na nyuzi

Ndugu uliyeuliza uchukue nobu (kile kichwa cha leva ya gia unachokishika) ya chuma au ya plastiki kwa gari yako ya manyuo (ya kubadili gia kwa mkono), rangi na urembo weka pembeni kwanza, angalia nyuzi za leva, ile mikato ya skrubu nobu inapofungwa. Honda nyingi ni M10x1.5 (yaani upana milimita 10, na milimita 1.5 toka uzi mmoja hadi mwingine), Toyota nyingi M12x1.25, yaani nobu inayokaa vizuri kwa mwenzako kwako inaweza isiingie kabisa, na ukiona inagoma mzunguko wa kwanza tu simama hapohapo, usilazimishe utakula nyuzi. Uzito nao una maana, nzito inasaidia gia kuingia laini maana ukishaisukuma inaenda na uzito wake, mi napenda kama gramu 300 hivi, ila chuma tupu likipigwa jua mchana hulishiki, ndo maana yangu ni ya chuma iliyovalishwa ngozi. Halafu kama rivasi yako mpaka uvute ringi juu ndo iingie, hakikisha nobu mpya haiizibi hiyo ringi, watu wanasahau hili kabisa! Nobu fupi inapunguza safari ya mkono lakini gia utaisikia ngumu kidogo.