Kabla ya Kuipaka Rangi Ndege ya Vita, Tafuta Namba Yake

Lancaster yangu, mfano mdogo wa ndege ya Uingereza ya kudondosha mabomu katika Vita vya Pili vya Dunia, niliipaka rangi mara mbili. Mara ya kwanza ndiyo iliyopendeza: mgongo wa kijani na kahawia, tumbo jeusi, herufi KM-B ubavuni. Nilikuwa nimechagua kuiga ndege halisi yenye namba PA474 kwa kuwa iliwahi kufanya kazi huku kwetu Afrika Mashariki. Nikapata picha yake ya rangi, nikaifuata hadi ribiti ya mwisho.

Kumbe PA474 haikupigana hata siku moja. Ilitoka kiwandani karibu na Chester katikati ya 1945, ikaandaliwa kwenda kupambana na Wajapani, vita vikaisha. KM-B zilikuwa herufi za Lancaster nyingine, R5508, ndege ya rubani John Nettleton, aliyeongoza shambulio la Augsburg, Ujerumani, mchana kweupe tarehe 17 Aprili 1942. Lancaster 12 zilikwenda, 7 hazikurudi. PA474 ilivishwa herufi hizo miaka mingi baadaye kwa heshima, na tangu hapo imebadilishiwa mavazi mara kadhaa. Ni kama matatu ya Nairobi: leo ina sura ya mwanamuziki, mwakani ya mchezaji mpira, lakini chesisi ni ileile.

Kwa hiyo ishike chesisi kwanza, yaani ile namba ndogo iliyo karibu na mkia. Herufi kubwa za ubavuni hazitoshi. Mbili za kwanza ni za kikosi, ya tatu ni ya ndege, na ndege ikianguka herufi yake hupewa nyingine. Ukitafuta kwa herufi tu, utachanganya ndege tatu ukidhani ni moja.

Ukishapata namba, tafuta daftari za kikosi. Za jeshi la anga la Uingereza zimehifadhiwa Kew, London, katika mafaili ya AIR 27. Fomu 540 inasimulia mambo ya kikosi kwa jumla, usikwame hapo. Utamu uko kwenye Fomu 541, yenye safari moja moja: ndege gani, nani walikuwa ndani, saa ngapi waliruka. Ila karani naye ni binadamu, hukosea tarakimu, basi linganisha na safari za jirani.

Na picha? Iulize tarehe kabla ya kuiuliza rangi. Hata ya wakati wa vita inaweza kukudanganya, maana filamu nyingine za zamani za picha nyeusi na nyeupe zilitoa rangi nyekundu ikiwa nyeusi.

Nikairudisha yangu mezani, nikaikwangua. Safari hii niliunda PA474 ya Kikosi cha 82, kilichopiga picha za ardhi kutoka angani kwa ajili ya ramani, Kenya ikiwemo, kati ya 1948 na 1952. Vibanda vya bunduki vilikuwa vimeng'olewa, pua imefunikwa. Jirani yangu alipoiona aliniuliza kama vipande vilipotea.

Havikupotea. Kibanda cha mgongoni nimekitia kwenye kopo la maziwa pamoja na stika za KM-B zilizobaki. Mwaka 1975 PA474 ilirudishiwa kibanda cha mgongoni kilichopatikana Argentina, na wakati huo ilikuwa imevaa KM-B. Nikipata sanduku lingine la Lancaster, nitaiunda hiyo.