Punguzo la Aprili na "kodi ya kaboni" ya wakala wa sola

SWALI: Tunaishi El Cajon, kaunti ya San Diego. Kwenye bili ya umeme ya Aprili nimeona punguzo la kama dola 80 lililoandikwa California Climate Credit. Wiki hiyohiyo kijana anayeuza sola alibisha hodi, akasema hiyo ni danganya toto: serikali inanikata zaidi ya dola elfu moja kwa mwaka, kodi ya kaboni, na nikisaini mkataba wake nitaikwepa yote. Wewe unafanya kazi ya bei kwenye shirika la umeme. Ni kweli?
Mama wa watoto watatu

JIBU: Si kweli, mama, na tafadhali usisaini chochote kwanza.

Gharama ipo, sitakuficha. Hapa California mtambo wa gesi lazima uwe na kibali cha jimbo, kinachouzwa mnadani, kwa kila tani ya hewa ukaa unayotoa, na mwenye mtambo huiweka bei ya kibali ndani ya bei ya umeme. Na kwa kuwa saa nyingi mtambo wa gesi ndio unaopanga bei ya soko la jumla, hata umeme wa bwawa unaouzwa saa hiyo hupanda nao. Sasa tupige hesabu. Mtambo mzuri wa gesi hutoa kama kilo 400 za hewa ukaa kwa kila uniti 1,000. Tuseme kibali ni dola 30 kwa tani, juu kidogo ya bei za minada ya 2025. Hapo unapata dola 12 kwa uniti 1,000, yaani senti 1.2 kwa uniti. Nyumba inayotumia uniti 400 kwa mwezi itabeba kama dola 58 kwa mwaka, tena nikichukulia kwamba kila uniti imepanda hivyo. Mwaka 2025 punguzo la namna yako, kama dola 80, lilikuja mara mbili.

Hiyo elfu moja basi imetoka wapi? Swali hili hunifikia kila msimu wa punguzo. Tarakimu hubadilika, ujanja ni uleule. Mtu huchukua thamani ya vibali vyote vya jimbo zima, akaigawa kwa idadi ya nyumba, kisha jibu akaliita kodi yako. Anajifanya hajui kwamba pesa za mnada zina pa kwenda. Mashirika ya umeme kama la kwenu hupewa vibali kwa niaba ya wateja, huamriwa kuvipeleka mnadani, na Tume ya Huduma za Umma ndiyo inayoagiza fedha zirudi kwenye bili. Sisi hatuweki faida hapo.

Ujanja huu ni mzee kuliko mpango wenyewe wa vibali wa California, ulioanza 2013. Mwaka 2009, Bunge la Marekani lilipojadili muswada wa Waxman-Markey, uliotaka vibali kama hivi kwa nchi nzima, wapinzani walitangaza kwamba kila familia ingelipa zaidi ya dola 3,100 kwa mwaka, wakidai wameitoa kwenye utafiti wa chuo kikuu cha MIT. John Reilly, mmoja wa watafiti hao, aliwaandikia kuwaambia wameupotosha: walikuwa wamegawa mapato yote ya vibali kwa familia zote, kana kwamba serikali ingezichoma hizo fedha. Ofisi ya bajeti ya Bunge ilikadiria dola 175 kwa familia kwa mwaka 2020, na familia maskini zaidi, ile sehemu moja ya tano ya chini, zingepata ziada ya kama dola 40. Muswada ulipita Baraza la Wawakilishi kwa kura 219 dhidi ya 212, ukafia Seneti. Lakini ile 3,100 bado naisikia hadi leo.

Hofu yenyewe haikuzuka hewani. Ulaya, kuanzia 2005, mashirika yalipewa vibali bure, yakawatoza wateja thamani yake hata hivyo, na faida yakabaki nayo. Kwa hiyo ukisikia sheria ya namna hii popote, uliza kwanza fedha za vibali zinarudi kwa nani, na kwa amri ya nani.

Bili yako imepanda kweli. Unalipa zaidi ya senti 30 kwa uniti, na sehemu kubwa ni nguzo, nyaya na kinga dhidi ya moto wa nyika. Sola haifuti "kodi" ambayo haipo, na punguzo la umeme ni sawa kwa kila nyumba ya shirika moja, mwenye sola na asiye nayo, anayetumia nyingi na anayetumia kidogo. Huliombi. Anayetaka namba ya akaunti yako ili "akuchukulie" ni tapeli.

Sina ugomvi na paneli. Nina ugomvi na anayeziuza kwa hofu. Tangu Aprili 2023 mteja mpya hulipwa kidogo sana kwa umeme anaourudisha kwenye gridi mchana, ila mawakala wengine bado wanapiga hesabu za zamani. Tazama pia kama malipo yanapanda kila mwaka kwa miaka 20 au 25. Na hili liwafikie wote wanaozungumza Kiswahili huku: sheria moja ya California inayomlazimisha muuzaji kutoa tafsiri ya mkataba inataja Kihispania, Kichina, Kitagalogi, Kivietinamu na Kikorea. Kiswahili hakimo. Kijana anaweza kukuahidi mbingu kwa Kiswahili sanifu, kisha ukasaini Kiingereza kwenye tableti pale mlangoni.

Kama umeshasaini, una siku tatu za kazi kuvunja mkataba wa mlangoni, tano ukiwa na umri wa miaka 65 au zaidi. Andika barua, weka tarehe, baki na nakala. Usikubali kumalizana naye kwa simu.