Hendeli yazunguka, slaidi haisongi

Swali: Shkamoo fundi. Lethi yangu (mashine ya kukereza vyuma) hapa Changamwe, nazungusha hendeli ya slaidi, ile ibebayo kisu, karibu nusu raundi ndo kisu kianze kusonga. Ninunue skrubu mpya ya kuisukuma slaidi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Wacha haraka, skrubu ni ghali. Kwanza vuta hendeli, ikitoka na kuingia kaza kola yake, ile pete iishikayo isisogee. Halafu pima mchezo, yaani ule ulegevu, katikati ya skrubu na kule mwisho slaidi isikofika sana, ukiwa sawa kote ilolika zaidi ni nati ipitayo skrubu, hiyo ya bronzi ni laini, kereza nyingine. Lakini katikati ikilegea na mwisho ikabana, skrubu yenyewe imelika na nati mpya itakwama huko, badilisha zote mbili. Kwa sasa, ukipita kipimo rudisha raundi nzima ndo uingie tena. Na usipulize chembe za vyuma kwa kompresa jamani, zaingia kwenye nati.