Parachuti mkononi JKIA

Ndugu, umeuliza kama unaweza kuingia na parachuti mkononi pale JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi. Parachuti lenyewe si silaha, ila usilipeleke kaunta likiwa mzigo wa chini ukiweza kuepuka. Likipotea, safari imekwisha. Liulize mapema shirika la ndege, kwa barua pepe, kama linakubali uzito na ukubwa wake. Jibu lao lichapishe.

Kinachowashtua maafisa ni kile kifaa kinachofungua parachuti la akiba chenyewe. Kwenye eksirei wanaona betri, nyaya na kijibomba kidogo cha kukatia uzi. Cypres, aina mojawapo ya kifaa hicho, huja na kadi yenye picha ya eksirei: itoe kabla begi halijaingia kwenye mashine, si baada ya kuitwa kando. Ongea kwa upole, lakini wakitaka kufungua begi, omba uwepo na uwaoneshe mwenyewe. Pini ya parachuti la akiba ikivutwa, huruki mpaka fundi mwenye leseni alipange upya, na Nairobi hutampata kila kona.

Kisu cha kukatia kamba kiweke kwenye mzigo wa chini. Na fika mapema. JKIA mnakaguliwa zaidi ya mara moja.