Ukienda Drachenfels, panda asubuhi

Mama alipokuja kunitembelea Bonn, Ujerumani, mwisho wa Oktoba, nilimwahidi kumpeleka mlimani. Tuliposhuka kwenye tramu Königswinter akainua macho, akacheka. "Hiki nacho mlima? Hiki kilima."

Sikuwa na la kumjibu. Drachenfels, yaani Mwamba wa Joka, una mita 321 tu juu ya usawa wa bahari. Mji wenyewe uko kwenye mita sitini na kitu, kwa hiyo unachopanda ni kama mita 250. Mtu wa Muheza, aliyezaliwa na kukulia chini ya Usambara, ana haki ya kucheka.

Saa tatu baadaye alikuwa amening'ang'ania mkono gizani, viatu vyake vya wazi vikiteleza kwenye majani mabichi, nami namulika njia kwa simu yenye chaji asilimia tisa. Treni ya mwisho ya kushuka mlimani ilikuwa imeshaondoka. Nilikuwa nimesahau kwamba saa zilirudishwa nyuma Jumapili ile, kama ilivyo desturi huku kila mwisho wa Oktoba, na kwamba msimu huo jua la huku linazama mnamo saa kumi na moja jioni. Tulipofika chini akanyamaza kwanza, kisha akasema, "Haya. Mlima." Nasikia huko nyumbani anavyousimulia, urefu unaongezeka kila mwezi.

Kwa hiyo nawaambia mliopo Bonn, Köln na jirani zake, na mnaopokea wageni: nendeni asubuhi, siku ya kazi kama mnaweza. Wikiendi ya jua watu hujaa mno. Wajerumani wenyewe wanautania kuwa ndio mlima mrefu kuliko yote ya Uholanzi, kwa jinsi Waholanzi wanavyoufurika.

Kutoka stesheni kuu ya Bonn, panda tramu namba 66. Tiketi ya mwezi ya usafiri wa umma ya nchi nzima (Deutschlandticket) inakufikisha Königswinter. Ile reli ya mlimani ina tiketi yake. Reli hiyo ilifunguliwa mwaka 1883, na katikati ya njia kuna reli ya tatu yenye meno, ambayo gurudumu la treni hung'ata ili lisiteleze. Inapanda mita 220 kwa safari ya kilomita moja na nusu. Majira ya baridi ratiba yake hupungua sana, basi itazameni kabla ya kutoka nyumbani, si mkishafika kileleni kama mimi.

Wengi hupanda kwa treni na kushuka kwa miguu, wakidhani wamejipunguzia kazi. Mimi nasema kinyume, hasa ukiwa na mtu mzima. Kupanda kunakutoa pumzi, na pumzi ukikaa dakika tano zinarudi. Kushuka kunaumiza magoti, nayo yatakukumbusha siku tatu. Njia ya Eselsweg, Njia ya Punda, ambako zamani punda walibeba watalii, ina sakafu ngumu lakini ni mkwea mkali. Kwa mzee au mwenye watoto napendelea bonde la Nachtigallental: ni mzunguko mrefu zaidi, ila lina kivuli na linapanda polepole. Vaeni raba zenye meno. Chai ya chupa na chapati mbili tatu hazikosi kazi.

Njiani kuna kasri la Drachenburg, lenye minara kama ya hadithi. Lilijengwa kati ya 1882 na 1884 kwa ajili ya tajiri mmoja wa soko la hisa, Stephan von Sarter, ambaye hakuwahi kuishi humo. Mama alilihurumia kasri, si tajiri.

Kilichonivutia mimi zaidi ni jiwe lenyewe. Takribani miaka milioni 25 iliyopita rojo la moto lilipanda kutoka ardhini, likapoa kabla ya kutokeza juu, kisha mvua na upepo vikala udongo na majivu yaliyolifunika. Linaitwa trakiti. Ukisogea karibu utaona fuwele pana zinazometa, kama vipande vya kioo ndani ya zege. Jiwe hili walilichonga kwa karne nyingi na kulisafirisha kwa mto Rhine kwenda kujengea kanisa kuu la Köln. Wakachimba hadi sehemu ya ngome ya kale iliyoko kileleni ikaporomoka. Mwaka 1836 serikali ya Prussia, dola ya Kijerumani iliyotawala huku wakati huo, ikalinunua eneo na kusimamisha uchimbaji. Mwamba bado haujatulia sana: njia za upande wa Rhöndorf zimewahi kufungwa kwa hofu ya mawe kuanguka, basi ukikuta kizuizi usikiruke.

Juu kabisa, karibu na magofu, siku isiyo na ukungu utaona Rhine ikijipinda na visiwa vyake, Bonn yote, na kwa mbali minara miwili ya kanisa la Köln. Sasa ujue mawe yake yalikotoka.

Mkishuka mapema, msikimbilie tramu. Pandeni feri ya kuvuka kwenda Mehlem, mtapata treni ya kurudi Bonn upande ule. Ni dakika chache tu majini, lakini simameni mkiuelekea mlima: kutoka katikati ya mto ndipo unapoona jinsi ulivyomegwa.